Imekufa? Nani Kasema?

Umelehemu usiku kucha, umeweka betri, umebonyeza swichi. Kimya. Hakuna mlio wala cheche, na kile kitaa chekundu hakikukonyeza hata mara moja. Umebonyeza tena, safari hii kwa nguvu, kana kwamba swichi ndiyo mbishi. Kisha ukatoa hukumu: imekufa. Ukaitumbukiza kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, ikakae na redio ya babu na chaja ambazo hakuna anayekumbuka zilikuwa za simu gani.

Nani kasema imekufa? Ulipima nini?

Nazungumza nawe, mdogo wangu wa Makorora, wa Duga, wa Mikanjuni, na wewe binti wa Pangani unayefungua kila kitu nyumbani mpaka mama ameanza kuficha bisibisi. Sitaki mmoja wenu alale leo akiamini kwamba sakiti iliyonyamaza imemshinda. Haijakushinda. Hujaiuliza.

Tuichukue raketi ya mbu, kwa sababu ndiyo mtambo wa volti kubwa unaotumia betri ambao umeenea mpaka vibarazani. Inanunuliwa kwa shangwe, inalia tap! tap! kwa wiki kadhaa, masika yakiingia inanyamaza, na siku ya usafi inakwenda na takataka. Kwa kijana anayejifunza umeme, hiyo ni shule nzima inayopita mbele ya mlango wake juu ya toroli. Isimamishe. Na kama umejenga ya kwako kwa vipuri ulivyovua kwenye taa zilizoungua, heshima yako ni kubwa zaidi, na kila nitakachosema kinakuhusu.

(Chandarua kibaki pale pale kilipo. Mbu wa malaria anauma usiku ukiwa umelala, na raketi haijajifunza kujipunga yenyewe. Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kule Amani na Muheza hawakuhangaika na malaria miaka yote hiyo ili wewe uuze chandarua ununue raketi.)

Fungua mgongo wake, ikiwa haimo kwenye chaji. Hilo nitalirudia kwa ukali hapo mbele. Vilivyomo ni vichache mno ukilinganisha na kazi vinavyofanya. Betri: ama mbili za AA, ama moja ya risasi ya volti 4. Transista moja. Rezista moja au mbili. Transfoma ndogo ya feraiti inayoweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Dayodi tatu au nne, kapasita chache, kisha nyaya mbili zinazokwenda kwenye nyavu. Basi. Kwa vitu hivyo volti 3 au 4 zinapanda mpaka 1,500, mpaka 2,000, na raketi nyingine huvuka hapo.

Zinapandaje? Umeme wa betri umenyooka, na transfoma haina habari na umeme ulionyooka. Kwa hiyo transista inaukatakata mara maelfu kwa sekunde. Transfoma ina mizunguko mitatu ya waya: mmoja unapokea, mmoja unatoa, na wa tatu, mwembamba, unarudi kuichochea transista ili iwake na kuzima bila kuguswa na mtu. Kwenye mzunguko unaotoa kunapatikana mamia ya volti. Hapo dayodi na kapasita zinapokezana, kama watu waliojipanga ngazini wakipandisha ndoo, kila mmoja akiongeza maji kidogo kabla ya kumpa wa juu yake.

Ngazi hiyo ina ukoo, nawe ujue unashika nini. Ilibuniwa na Mswisi Heinrich Greinacher mwanzoni mwa karne ya 20. Kule Cambridge, John Cockcroft na Ernest Walton wakaijenga kubwa ya kujaza chumba, ikatoa volti laki kadhaa, na Aprili 1932 wakapasua nayo kiini cha atomu ya lithiamu, lithiamu hiyo hiyo inayokaa kwenye betri ya simu yako. Mwaka 1951 wakapewa Tuzo ya Nobel. Sasa wewe umekaa barabara ya kumi na tatu, Ngamiani, una mkononi mchoro wa mashine iliyopasua atomu, na unaniambia kitu cha Kichina hakitengenezeki?

Kabla hatujashika mita, nikupandishe Lushoto. Mwaka 1963, Sekondari ya Magamba, mkoa wetu huu huu wa Tanga, alikuwapo mwanafunzi wa kidato cha tatu akiitwa Erasto Mpemba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ndani ya friji ilikuwa inakwisha, watu wanagombea, Mpemba akaamua kuyaweka yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akamwuliza mwalimu sababu. Akaambiwa amechanganyikiwa.

Hakuliacha. Kule Tanga mjini akakutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu, naye akamwambia kwamba huuweka mchanganyiko ukiwa wa moto kwa makusudi, kwa kuwa huwahi kuganda. Wauzaji wengine wa mjini nao walifanya vivyo hivyo. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akajibiwa kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake, na wenzake wakaidaka hiyo kejeli. Basi akaikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili, moja ya maji ya bomba, nyingine ya maji ya moto, akaziingiza kwenye friji na kungoja.

Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipokwenda kuzungumza na wanafunzi pale, Mpemba akanyoosha mkono akauliza swali lile lile mbele ya wale wale waliomcheka. Osborne hakuwa na jibu, lakini aliporudi Dar es Salaam akamtuma mtaalamu wake wa maabara apime. Yule mtaalamu akaleta majibu kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila asijali, ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Hucheka kila nifikapo hapo. Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ilitoka katika jarida la Physics Education, na mpaka leo wanafizikia wa dunia nzima hulitaja jambo hilo kwa jina la kijana wa Magamba. Bado wanabishana kama hutokea kila mara na kwa nini. Waache wabishane. Wewe tazama alichofanya mtu alipoambiwa haiwezekani: alitafuta bika mbili.

Nakuomba hizo bika mbili. Kama raketi yako imenyamaza, azima ya jirani inayofanya kazi. Ziweke mezani sambamba. Kila kipimo unachochukua kwenye mbovu, chukua pia kwenye nzima. Hata kama hujui namba inatakiwa iweje, nzima itakwambia. Kijana mwenye mita ya bei ya chini na raketi mbili mezani ana nafasi nzuri kuliko mwenye vifaa vya gharama anayekisia.

Sasa ukali nilioahidi.

Raketi zile za kuchomeka ukutani hazina transfoma ya kutenganisha umeme wa TANESCO na mwili wa sakiti. Umeme wa volti 230 unapita kwenye kapasita moja tu, kisha umo ndani. Maana yake, ikiwa ukutani, kila chuma unachokiona humo ni sawa na waya wa ukutani. Raketi iliyochomekwa haifunguliwi. Sina mjadala juu ya hilo, na usimruhusu rafiki yako akuonyeshe jinsi yeye anavyofanya.

La pili: ukubwa wa volti peke yake haukwambii hatari, uliza pia kiasi kilichohifadhiwa. Kapasita ya nanofaradi 22 iliyojaa volti 2,000 ina nishati ya jouli 0.044. Inachoma, inakurusha, unatukana, unaendelea na maisha. Lakini kapasita ya flashi ya kamera ya zamani, mikrofaradi 120 kwa volti 300 tu, ina jouli 5.4, zaidi ya mara mia moja ya ile. Volti chache, adhabu kubwa. Na oveni ya maikrowevu na televisheni ya kichogo usiziguse kabisa katika hatua hii. Za namna hiyo zimezika mafundi wenye uzoefu. Wala usije ukafikiria kuunganisha nyaya za ukutani kwenye uzio wa shamba kwa ajili ya ngedere. Huo si ubunifu, ni mtego wa mtoto wa jirani.

Kila ukimaliza kuiwasha, toa betri, kisha ondoa umeme uliobaki kwa rezista kumi za kiloohmu 220 zilizoungwa kwa mfuatano na kufungwa kwenye kijiti kikavu, uzigusishe kwenye nyavu zote mbili uhesabu mpaka tano. Ndipo uthibitishe kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Viatu miguuni, mkono mmoja mfukoni, mtu mwingine chumbani. Ukishazoea utaratibu huu ukawa kama kunawa mikono, uoga utapungua wenyewe.

Haya, mita.

Watu wengi huanzia kwenye cheche kwa sababu cheche ndiyo wanayoitaka. Wewe anzia kwenye betri, kwa sababu ndiko umeme unakotoka. Lakini usiipime ikiwa imekaa bure. Betri ya risasi iliyoachwa miezi bila chaji inaweza kukuonyesha volti 4 safi kabisa, ukafurahi, ukaenda kuhangaika na transista isiyo na kosa. Iache mita ikiwa imeunganishwa, kisha bonyeza swichi. Ikiporomoka mpaka volti 2 au chini yake, umeshampata mhalifu na bado hujashika pasi ya kulehemu. Kama ni za AA, tazama vishikizo vyake: ule ukungu mweupe au wa kijani ni kutu ya shaba na uvujaji wa betri. Siki kidogo kwenye pamba, sugua, kausha.

Kisha pima mkondo. Weka mita kwenye tundu la ampia 10, iungwe kwa mfuatano kati ya betri na bodi. Namba itakayokuja ni habari nzito kuliko wengi wanavyojua. Sifuri maana yake njia imekatika mahali: swichi, waya, au kiungo cha risasi kilichoshika kwa macho tu. Miliampia mia kadhaa, pamoja na mlio mwembamba sikioni, maana yake transista inakata umeme vizuri na tatizo liko mbele zaidi. Mkondo mkubwa unaokaribia au kuvuka ampia nzima, transista ikiwaka moto kidoleni, maana yake kuna shoti, au transista imefunguka na haijui kufunga. Kwa kipimo kimoja umeshajua uelekee upande gani wa bodi. Waliobadilisha vipuri vitano kwa kubahatisha bado wako dukani wanaulizia bei.

Kwa aliyejijengea transfoma mwenyewe, kuna kosa moja linalokatisha tamaa watu wasio na hatia. Umefuata mchoro, umehesabu mizunguko, umekwangua varnishi kwenye ncha za waya, na bado haiamki. Badilisha nyaya mbili za ule mzunguko wa tatu, ya huku iende kule. Ule mzunguko kazi yake ni kuisukuma transista izidi kufunguka inapoanza kufunguka. Ukiugeuza, unaizima kila inapotaka kuamka. Dakika moja ya kulehemu, na mtambo uliotaka kuutupa unapiga mluzi.

Ikiwa mkondo ni mkubwa na hujui nani anakula, kata ngazi katikati. Nyanyua mguu mmoja wa dayodi ya kwanza baada ya transfoma, washa tena. Mkondo ukishuka na mlio ukarudi, transista na transfoma ni wazima, mbovu yuko kwenye dayodi na kapasita. Usiposhuka, mbovu yuko upande wa betri. Kata tena nusu iliyobaki. Bandu bandu huisha gogo, ila hapa kila pigo linaondoa nusu ya gogo.

Kwenye dayodi kuna mtego wa dukani. 1N4001 na 1N4007 zina mwili mmoja, rangi moja, mstari mmoja wa fedha. Ya kwanza inastahimili volti 50 kinyume, ya pili 1,000. Muuzaji aliyeishiwa na moja anaweza kukupa nyingine akikwambia ni zile zile. Soma maandishi hata kama itabidi uazime miwani ya bibi. Soma na kapasita: 223 maana yake pikofaradi 22,000, yaani nanofaradi 22, na kando yake lazima kuwe na volti zake, 630 au 2kV. Ya volti 50 haitadumu hapo hata dakika. Jambo jingine, mita ikisema dayodi ni nzima imeipima kwa volti mbili tatu tu. Ipo dayodi inayojibu vizuri kwa volti 2 na kuvujisha kwa volti 800. Ndiyo maana nakusisitiza ile raketi ya jirani: vipimo vyote vikilingana na bado mbovu haitoi, hapo unayo sababu ya kubadilisha, nawe unabadilisha ukijua kwa nini.

Sasa nije kwenye mambo ya kwetu, ambayo kitabu kilichoandikwa nchi kavu hakitakwambia.

Tanga, waja leo waondoka leo, lakini hewa ya chumvi ilikuja zamani na haijaondoka. Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, huanza kunyonya maji hewani mpaka ikayeyuka yenyewe. Kwetu kiwango hicho kinafikiwa usiku mwingi, na masika kinavukwa bila jasho. Kwa redio ya volti 3, utando mwembamba wa maji chumvi juu ya bodi ni usumbufu mdogo. Kwa sakiti ya volti 2,000, ule utando ni barabara. Umeme unapita juu ya bodi kutoka kapasita hadi kapasita bila kufika kwenye nyavu, na kadiri unavyopita unaunguza plastiki ikageuka makaa, na makaa yenyewe yanapitisha umeme. Ndiyo maana raketi inapiga vizuri saa saba mchana Raskazone na kunyamaza saa mbili usiku, wakati mbu wanaingia. Mwenye nayo anasema ina mashetani.

Wewe uliyesoma mpaka hapa huna haja ya mganga. Zima taa, funga pazia, ngoja macho yazoee giza, kisha washa. Kama kuna uvujaji mkubwa utauona: mwanga mdogo wa zambarau kwenye ncha ya risasi au kijistari kinachotambaa kati ya miguu miwili. Utausikia ukichemka, na pua itashika harufu kali ya ozoni. Mara nyingi ni kwenye mabaki ya gundi ya kulehemu, au pale uzi wa buibui na vumbi vilipojenga daraja. Toa betri, ondoa umeme uliobaki, sugua bodi kwa spiriti na mswaki wa zamani, ianike juani mpaka ikauke kweli kweli. Palipoungua na kuwa peusi pakwangue mpaka plastiki safi ionekane. Viungo vyenye ncha kali viyeyushe upya viwe mviringo, kwa sababu umeme wa volti kubwa hupenda kutokea kwenye ncha. Halafu mwombe dada yako rangi ya kucha isiyo na rangi, upake tabaka mbili upande wa volti kubwa. Atakuuliza ya nini. Mweleze vizuri, huenda yeye ndiye akawa fundi wa nyumba.

Na ukijenga kwa ajili ya matumizi ya pwani, panga mapema. Acha nafasi pana kati ya nyaya za volti kubwa, hata toboa mwanya kwenye bodi kati ya kapasita mbili ili umeme ukose sakafu ya kutembelea. Anayekaa Kigombe au Moa, bahari ikiwa mlangoni, ana mazingira magumu kuliko ya mtu wa Lushoto. Sakiti itakayomaliza masika mawili Moa itadumu popote.

Kuna anayenong'ona kwamba haya ni ya wahandisi. Nenda kasimame kwenye kijiwe cha mafundi pikipiki, dakika ishirini tu. Pikipiki nyingi zinachukua volti 12 za betri, kifaa kiitwacho CDI kinazipandisha mpaka mamia, kinazihifadhi kwenye kapasita, kisha kinazimwaga kwenye koili kwa kishindo, na kwenye plagi zinatoka zaidi ya volti 10,000. Huo ni mtambo wa betri na volti kubwa, ndugu wa damu wa raketi yako. Tazama fundi anapoletewa isiyowaka. Hatoi hotuba. Anatoa plagi, anairudisha kwenye kofia yake, anaigusisha kwenye injini, anapiga kiki, anaangalia cheche. Hakuna? Anabadilisha plagi kwa ile anayojua ni nzima. Hakuna? Kofia. Koili. CDI. Anashuka hatua kwa hatua huku abiria anang'aka na mwenye bodaboda anahesabu hela inayopotea. Anafanya hivyo kila siku ya Mungu, na sijawahi kumsikia akisema pikipiki imekufa. Kinachokutofautisha na yeye ni mazoea, na mazoea yanapatikana.

Au mkumbuke Richard Turere wa Kitengela, kando ya Hifadhi ya Nairobi, mtoto wa kuchunga ng'ombe aliyetaka simba wasiingie zizini. Alijaribu moto, ukawasaidia simba kuona. Alijaribu sanamu la mtu, simba wakalizoea. Usiku mmoja akizunguka na tochi akagundua kwamba mwanga unaotembea ndio wanaouogopa. Akachukua betri kuukuu, paneli ya sola, kiwashio cha indiketa za pikipiki na balbu za tochi zilizovunjika, akaunda taa zinazomulika kwa zamu. Mwaka 2013 alisimama California kwenye jukwaa la TED kuueleza ulimwengu. Alijifunza umeme kwa kuibomoa redio mpya ya mama yake. Mama hakufurahi.

Imebaki ile sehemu tamu: kujua umefika volti ngapi.

Usiichomeke mita moja kwa moja. Mita za bei ya chini mwisho wake ni volti 1,000, nyingine 600 au 500. Na hata isipoungua itakudanganya. Mita ya aina ya DT830 ina upinzani wa megaohmu 1 ndani yake. Ukiiweka kwenye volti 2,000 ingehitaji wati 4, na raketi yako haina wati 4 za kumpa mtu. Volti zitaporomoka, utasoma namba ndogo, utalia bure. Tafuta rezista kumi za megaohmu 10 kila moja, ziunge mfuatano, zipitishe ndani ya mrija mkavu wa plastiki. Kwa nini kumi na si moja kubwa? Kwa sababu rezista ndogo ya kawaida inastahimili kama volti 250. Kumi zikigawana 2,000, kila moja inabeba 200 bila manung'uniko. Unganisha mwisho mmoja kwenye volti kubwa, mwingine kwenye mita, na waya mweusi kwenye upande wa pili wa nyavu, vyote kabla ya kuwasha. Kwa DT830, namba unayoisoma zidisha kwa 101: ukiona 20, una volti kama 2,000. Mita zenye megaohmu 10 ndani unazidisha kwa 11. Jua yako ni ipi kabla hujajisifu.

Siku utakapoiona ile 14 ikipanda kuwa 17, ikasimama kwenye 19, kwa kifaa ulichojitengenezea kupima mtambo uliojitengenezea, piga kelele. Amsha nyumba. Kisha chukua daftari uandike tarehe, volti za betri, mkondo, volti za juu, hali ya hewa, na ulichobadilisha. Andika na yale yaliyogoma. Mwezi ujao itakaposhuka mpaka 12, hutaanza upya gizani.

Na daftari hilo lipeleke mahali. Mwonyeshe mwalimu wa fizikia. Akikucheka, unamkumbuka Mpemba, nenda kwa mwingine. Ulizia chuo cha ufundi cha VETA. Maonyesho ya Young Scientists Tanzania yanafanyika Dar es Salaam tangu 2012 na yanapokea kazi za wanafunzi wa sekondari. Kipimo cha namna unyevu wa Tanga unavyokula volti za raketi kati ya mchana na usiku, kikiwa na namba za msimu mzima, ni kazi inayostahili meza pale. Sijui kwa nini itoke shule ya mkoa mwingine wakati chumvi iko kwetu.

Habari zitaenea mtaani, zinaenea haraka kuliko unavyotaka. Mama wa nyumba ya tatu atakuja na ya kwake imefungwa kwenye mfuko wa rambo, atakwambia, "Mwanangu, hii imekufa, hebu iangalie." Mpokee, mkaribishe kiti. Muulize kama ilikatika ghafla au ilidhoofika polepole, kama mchana inapiga, kama kitaa kinawaka, mara ya mwisho ilichajiwa lini. Mwambie mapema utamtoza kiasi gani, kwa sababu kazi ni kazi. Halafu shika mita, anza na betri.